Sherisi, Gundi ya Mafundi wa Kale

Jioni hii nakusudia kuzungumza nanyi habari za kitu kisichoonekana, ambacho kikifanya kazi yake vema hapana mtu anayekikumbuka. Nacho ni kile kishikacho ubao na ubao, pembe na mti, kano na upinde. Katika lugha yetu kina majina mengi. Utomvu wa mti ulioganda huitwa gundi. Ule unaonasa ndege ni ulimbo. Ule utokao katika tunda bichi la mbuyu wazee waliuita embwe. Na ile ya seremala, ipikwayo kwa ngozi na mifupa ya wanyama, jina lake ni sherisi. Nitasema hasa juu ya hiyo sherisi, na jinsi ilivyotumiwa zamani na maseremala na waunda bunduki.

Watu wengi hudhani ya kuwa gundi njema ni ile isiyoachia kamwe. Mafundi wa kale hawakufikiri hivyo, na fikira yao ilikuwa na maana kubwa. Jambo hili lamhusu kila mtu aliye na kiti, sanduku au gobori la babu zake nyumbani, maana siku moja kitu hicho kitavunjika, naye atalazimika kuchagua namna ya kukiunga. Akichagua vibaya, hataweza kukichagulia tena.

Kwanza tuangalie umri wa kazi hii. Katika pango la Sibudu, nchi ya Afrika Kusini, wachimbuzi wa mambo ya kale wameona vipande vya mawe makali vyenye mabaki ya gundi, navyo vina umri wa miaka kama 70,000. Mwaka 2009 Bibi Lyn Wadley na wenzake walieleza ya kuwa watu wale walichanganya utomvu wa mgunga na udongo mwekundu, jamaa ya ngeu ile ambayo maseremala wetu hupigia mistari, wakaukausha mchanganyiko huo karibu na moto ili jiwe lishikane na mpini. Waliijaribu kazi ile kwa mikono yao wenyewe, wakaona si kazi ya mtu mzembe: moto ukizidi, gundi hutokota na kuwa na mapovu, nayo hudhoofika. Basi tangu mwanzo siri ya gundi ilikuwa katika kuutawala moto.

Kadhalika Ulaya. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ulionekana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Shoka lake la shaba lilikuwa bado limo katika mpini, limeshikwa kwa lami ya gome la mti uitwao birchi, na juu yake likafungwa kwa ukanda wa ngozi. Tena huko Thebes, nchi ya Misri, katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao, mna picha zilizochorwa miaka kama 3,400 iliyopita. Ndani yake twaona maseremala kazini: mmoja anapaka gundi, na chungu chao kiko juu ya moto. Chungu hicho ndicho alama ya sherisi, maana utomvu wa mti waweza kupakwa ukiwa baridi, bali sherisi ya ngozi hupakwa ikiwa moto.

Sasa niwaeleze ilivyotengenezwa. Vipande vya ngozi vilivyobaki kwa wachinjaji na watengeneza ngozi vililowekwa katika maji ya chokaa siku nyingi ili nywele na mafuta yatoke. Kisha vikaoshwa sana, vikapikwa polepole katika maji ya moto yasiyotokota. Maji yale yakachujwa, yakaachwa yapoe, hata yakawa kama mchuzi wa makongoro uliolala na kuganda usiku. Ule mgando ulikatwa vipande vyembamba, ukatandazwa juu ya nyavu upate upepo, ukakauka na kuwa kama vigae vya kioo vyenye rangi ya asali. Hivyo ndivyo ilivyouzwa, nayo ikiwekwa pakavu ilikaa miaka mingi bila kuharibika.

Je, nguvu yake yatoka wapi? Ngozi imejengwa kwa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kila mmoja umesokotwa kwa nyuzi 3 kama kamba. Maji ya moto huzisokotoa. Zikipoa, hutafutana tena na kusokotana ovyo, zikiyafungia maji ndani yake. Hapo ndipo sherisi hugandapo. Kisha maji yakitoka, nyuzi zile hujikaza na kuvuta kila kitu kilichoguswa nazo. Mvuto huo si haba. Ukipaka sherisi nzito juu ya kioo kilichokwaruzwa, ukaiacha ikauke kabisa, hujikunja na kubandua magamba ya kioo chenyewe. Mafundi wa madirisha waliifanya kazi hiyo makusudi, ili wapate kioo chenye mapambo mfano wa manyoya ya ndege. Kitu kilichotoka katika ngozi laini chaweza kuuchubua uso wa kioo!

Tuingie sasa katika karakana ya seremala. Jioni alilowesha sherisi yake katika maji baridi, na asubuhi aliikuta imevimba na kuwa laini. Aliipasha moto katika chungu kilicho ndani ya chungu: cha nje kina maji, cha ndani kina sherisi, ili isiguswe na moto wenyewe. Joto lifaalo ni kama digrii 60 za sentigredi, yaani 140 kwa kipimo cha Farenhaiti. Ikiachwa itokote, zile nyuzi hukatika vipande vipande, na kamba iliyokatika haisokotwi tena ikawa kamba. Kwa hiyo bwana fundi aliyemkabidhi mwanagenzi kulinda chungu hakumpa kazi ya kitoto. Kabati la miezi 3 laweza kuharibiwa na kuni zilizozidi kwa robo saa. Kipimo cha uzito wake kilikuwa brashi: ikiinuliwa, sherisi hushuka kama uzi mmoja wa mafuta, haikatiki matone wala haigandi kama uji.

Hata hivyo chungu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mbao zenyewe. Sherisi si kifusi cha kujazia nafasi. Hushika vema ikiwa nyembamba sana. Fundi aliziweka mbao zake pamoja zikiwa kavu, akaziinua kuelekea mwangaza. Mwanga ukipenya kati yake, alirudi kwenye randa. Zikipatana, alizipasha joto karibu na moto, akazipaka, akausugua ubao juu ya ubao mara chache. Hewa na sherisi iliyozidi vikatoka pembeni, na mara akasikia mikononi mwake ya kuwa mbao zimekataa kusogea. Kazi hiyo yote haina zaidi ya dakika moja au 2, maana sherisi ikipoa huganda. Samaki mkunje angali mbichi. Na kule mwisho wa ubao, ambako vinyweleo vya mti viko wazi na hunywa sherisi kama mchanga unywavyo maji, alitangulia kupaka sherisi nyepesi, akaiacha inywewe, ndipo akapaka ile ya kazi.

Baada ya seremala, twende kwa waunda bunduki. Katika miji ya Ujerumani, karne ya 16 na ya 17, bunduki moja ilipita mikononi mwa mafundi wa namna nyingi: mmoja alifua kasiba, wa pili alitengeneza mtambo wa kutoa cheche, na wa tatu alichonga mti wake, tangu tako hata chini ya kasiba. Bunduki za wakuu zilipambwa kwa njumu nyingi hata mti ukakaribia kutoonekana. Ipo bastola yenye kasiba 2 iliyoundwa na Peter Peck wa mji wa München, yapata mwaka 1540 hata 1545, kwa ajili ya Kaisari Charles wa Tano. Nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Metropolitan, mjini New York. Mti wake ni mcheri, nao umetiwa njumu za pembe za ayala.

Kazi ya njumu ilikwenda hivi. Pembe ilipasuliwa kwa msumeno mwembamba ikawa vibao vidogo, vikakatwa kwa umbo la majani, wanyama au watu. Mti ukachimbwa kwa patasi kwa umbo lile lile, wala si zaidi. Shimo likapakwa sherisi ya moto, kipande kikakandamizwa ndani yake. Kilipokauka kilikwanguliwa hata kikawa sawa na uso wa mti, kisha kikachorwa kwa kalamu ya chuma, na mistari ikajazwa rangi nyeusi. Vipande vikubwa viliongezewa vijiti vyembamba vya kuvizuia. Kwa pembe, chaza na meno ya tembo, mafundi wengi walipenda sherisi ya samaki, iliyopatikana katika kibofu cha hewa cha stajoni, samaki mkubwa wa mito ya Urusi na Bahari ya Kaspi. Sherisi hiyo hukawia kuganda, tena hukubali kupindika kidogo. Hilo lina faida, kwa kuwa mti huvimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu, na pembe haifuati mwendo ule ule. Gundi ngumu kama jiwe ingepasuka kati yao. Hata kitunguu saumu kilikuwa na kazi: mafundi wa njumu walikisugua juu ya shaba nyeupe au gamba la kasa kabla ya kupaka sherisi, ili ipate kushika.

Lakini angalieni neno hili, maana ndilo busara ya kazi yote. Muunda bunduki aliitegemea sherisi kushika mapambo. Hakuitegemea kuzuia ile nguvu isukumayo bega baruti iwakapo. Mti wa bunduki ulichongwa katika gogo moja, mara nyingi la mjozi, na fundi alilichagua ili nyuzi za mti zifuate shingo ya bunduki, pale nyuma ya mtambo, penye wembamba. Na shingo hiyo ilipovunjika vitani au porini, sherisi ilitiwa katika ufa, lakini haikuachwa peke yake: waliongeza vijiti vya mti, au bamba la chuma, au wakaizungushia ngozi mbichi iliyolowana na kuishona. Ngozi ilipokauka ilijikaza kama ngozi ya ngoma tunayoiwamba, ikaufumba ufa. Ajabu ni kwamba nguvu ya ngozi ile ya nje na nguvu ya sherisi ya ndani ni nguvu moja, maana asili yao ni moja.

Sherisi ina adui mkuu, naye ni maji. Hili lilijulikana sana kwa waunda pinde wa Waturuki. Upinde wao ulikuwa na mti katikati, pembe kwa ndani, na kano kwa nje, vyote vimeunganishwa kwa sherisi. Ukaachwa ukauke kwa miezi mingi, hata mwaka, kabla ya kuvutwa. Hapana kitu kilichoonyesha nguvu ya sherisi kuliko upinde huo, na huko Istanbul, mahali paitwapo Okmeydanı, zipo nguzo za mawe zilizosimamishwa kuonyesha mishale ya mbali ilipoangukia. Walakini upinde huo ulilindwa na mvua kama mtoto mchanga. Katika nchi za joto na unyevu kama pwani yetu, maji ya hewa peke yake hulainisha sherisi kidogo kidogo, ukungu huiota, na mende na panya huila, kwa kuwa kwao ni chakula.

Kwa sababu hiyo mafundi hawakuwa na gundi moja kwa kila kazi. Mtawa Theophilus, aliyeandika kitabu cha ufundi katika karne ya 12, alifundisha gundi ya jibini: jibini laini huoshwa sana katika maji ya moto na kutwangwa, kisha huchanganywa na chokaa isiyozimwa. Ikikauka haiogopi unyevu kama sherisi. Gundi ya namna hiyo iliendelea kutumika hata karne ya 20. Ndege ya vita iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, mwanzo iliunganishwa kwa gundi ya jibini, halafu ikabadilishiwa gundi ya kiwandani yenye kustahimili zaidi. Ama wafua visu na panga walitumia utomvu mgumu wa miti uliochanganywa na vumbi la matofali. Na huko Bara Hindi upanga ulishikwa katika mpini wake kwa lakiri. Vitu hivyo vikipashwa moto hulainika, na chuma hutoka bila kuvunja mpini. Na juu ya kazi iliyokwisha, fundi alipaka mafuta au vanishi ili kuzuia maji yasiifikie sherisi. Hapa pwani yetu nayo ilikuwa na sehemu yake, kwa kuwa sandarusi iliyochimbwa katika mchanga wa Mrima na kupelekwa Unguja ilisafirishwa katika karne ya 19 hata Salem, nchi ya Marekani, na Hamburg, nchi ya Ujerumani, ikafanywa vanishi mashuhuri kwa ugumu wake.

Sasa nirudi kwa neno nililosema mwanzo, ya kwamba gundi njema si ile isiyoachia kamwe. Udhaifu wa sherisi mbele ya maji na moto ndio fadhili yake kubwa. Mtengeneza fidla hadi leo hutumia sherisi, na kifuniko cha fidla hukibandika kwa sherisi nyepesi makusudi. Anajua ya kuwa siku moja kitahitaji kufunguliwa ili kutengenezwa ndani. Tena anajua ya kuwa ubao ukisinyaa kwa ukavu, ni afadhali kiungo kiachie kuliko ubao kupasuka. Kiungo hubandikwa tena kwa saa moja. Ubao uliopasuka una kovu milele. Ndiyo sababu viko vyombo vya miaka 300 ambavyo vimefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na bado vyalia vizuri.

Linganisheni na hayo jambo hili. Niliwahi kuonyeshwa gobori la ukoo mmoja, ambalo halikupigwa tena bali lilitunzwa kwa ukumbusho. Shingo yake ilikuwa imepasuka, na mtu aliyepewa kuliunga aliujaza ufa epoksi, gundi ya kisasa yenye nguvu nyingi. Kwa mwaka wa kwanza wote walimsifu. Kisha mti ukavimba masika na kusinyaa kiangazi kama desturi yake, na epoksi haikukubali. Ufa mpya ukatokea kando ya ule wa kwanza, katika mti mzima, nao ulikuwa mrefu kuliko wa zamani. Alipoitwa fundi mwingine hakuwa na njia: gundi ile haikuyeyuka kwa maji ya moto, na kuichimba kwa patasi kulimaanisha kuuchimba mti pamoja nayo. Gundi iliibaki salama, na gobori likaharibika.

Sisemi ya kuwa gundi za kisasa ni mbaya. Mtumbwi, mlango wa nje, meza ya jikoni, vyote hivyo vyahitaji gundi isiyoogopa maji, na seremala anayeitumia hufanya vema. Nasema juu ya vitu vya kale ambavyo mlivipokea kwa wazee, nanyi mtawaachia wajukuu. Kitu cha namna hiyo kikivunjika, kwanza kusanyeni vipande vyote, hata kibanzi kidogo, mkavitie katika karatasi. Pili, tazameni gundi ya zamani ilipovuja mahali pa siri, mkaitie tone la maji ya uvuguvugu. Ikilainika na kunata baada ya dakika chache, yamkini ni sherisi. Hapo mshukuruni fundi wa kale, maana amewaachia mlango wazi: itafutwa kwa kitambaa chenye maji ya moto, na sherisi mpya itashikana na mabaki ya ile ya zamani. Tatu, mkamtafute fundi anayejua kulinda chungu. Na gobori lililoungwa shingo lisitiwe baruti kamwe. Liachwe likae ukutani kwa heshima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga, na hayo ni kweli. Lakini uzibe ufa kwa namna ambayo ajaye baada yako ataweza kuufungua. Fundi wa zamani aliyepika sherisi alijua ya kuwa kazi yake haina budi kuharibika siku moja, naye akamfikiria mtu asiyemjua, ambaye ataishika baada ya miaka 100 au 200, akamrahisishia kazi. Nasi tukiunga vitu vyetu, na tumfikirie mtu huyo.